Maktaba za Nje katika Ujenzi wa Programu: Mfano wa Kikagua Tahajia cha Kiswahili na Mahitaji ya Takaba

1.0 Utangulizi

Kwa wakazi wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya, neno maktaba lina sura mbili. Ipo maktaba ya jengo, yenye rafu na mkutubi, na ipo maktaba itembeayo kwa miguu. Mnamo mwaka wa 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianzisha mjini Garissa maktaba ya ngamia, ambayo baadaye ilienezwa hadi Wajir, ili vitabu viwafikie wafugaji wahamaji ambao gari lisingeweza kuwafuata. Ngamia walibebeshwa masanduku ya vitabu pamoja na hema la kusomea. Vitabu hivyo havikuwa mali ya familia yoyote. Vilisomwa na kurejeshwa, na toleo jipya lilipotiwa sandukuni kila msomaji wa njia ile alilipata bila kununua chochote. Kwa upande mwingine, pale ambapo ngamia hakufika, aliyekuwa akitegemea sanduku hilo alibaki mikono mitupu.

Taaluma ya kompyuta imelipa neno hilo maana ya tatu, ambayo haiko mbali sana na sanduku la ngamia. Maktaba ya programu ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambazo programu nyingine huzitumia badala ya kuziandika upya. Ikiwa mkusanyiko huo umewekwa mahali pamoja katika kompyuta, ukatumiwa na programu nyingi kwa wakati mmoja, huitwa maktaba shirikishi. Ikiwa umeandikwa na watu wengine, nje ya mradi wa anayejenga programu, basi ni maktaba ya nje.

Makala haya yanaeleza namna mfumo wa kujengea programu unavyozishughulikia maktaba za aina hiyo. Mfano uliochaguliwa unawahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, nao ni maktaba iitwayo Hunspell, ambayo hukagua tahajia katika LibreOffice na programu nyingine nyingi. Mahali palipochaguliwa ni Takaba, makao makuu ya Mandera Magharibi katika Kaunti ya Mandera, mji unaofikiwa kwa safari ndefu kupitia Wajir au Moyale. Sababu ya kuchagua Takaba ni kwamba kasoro nyingi za ujenzi wa programu hazionekani jijini. Mjini penye intaneti ya haraka, kilichosahaulika hupakuliwa kwa dakika moja na kosa likafichika. Takaba humweka mjenzi wazi.

2.0 Tegemeo na tegemezi

Kabla ya kuingia katika ufundi wenyewe, hapana budi kulitatua suala moja la istilahi. Mwanafunzi wa sintaksia anafahamu tofauti ya kishazi huru na kishazi tegemezi. Katika sentensi "Mvulana aliyechota maji amerudi", kishazi "aliyechota maji" hakiwezi kusimama peke yake kikatoa maana kamili. Programu nyingi ziko katika hali hiyo. Zikiondolewa maktaba zake, hubaki faili iliyoandikwa vizuri lakini isiyoweza kuamka.

Tatizo ni kwamba katika mazungumzo ya wanakompyuta, maktaba inayohitajiwa huelekea kuitwa "tegemezi" au "kitegemezi". Hilo ni kosa la mwelekeo. Kutokana na kitenzi tegemea, Kiswahili huunda maneno mawili yenye kazi tofauti. Tegemezi ni yule au kile kinachoegemea, na tegemeo ni kile kinachoegemewa. Mzee akiegemea mkongojo, mkongojo ndio tegemeo na mzee ndiye tegemezi. Vivyo hivyo, programu ni tegemezi na maktaba ni tegemeo lake. Jambo hili linaweza kuonekana kama uchokozi wa wanaisimu, ila lina manufaa ya vitendo, kwa maana programu inapogoma kufunguka swali la kwanza ni nani amekosa na ni nini kimekosekana. Lugha inayoyaita yote mawili kwa jina moja humchelewesha fundi.

Tegemeo nalo laweza kuwa na mategemeo yake, kama vile kishazi tegemezi kiwezavyo kubeba kishazi kingine ndani yake. Anayejenga programu huwa na mazoea ya kuhesabu mategemeo aliyoyataja mwenyewe, akasahau yale ambayo hayo yameyaleta. Suala hilo litarejelewa mbele.

3.0 Namna programu inavyojengwa na inavyoamka

Ichukuliwe kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Nairobi ameandika programu ndogo ya zoezi la imla kwa ajili ya shule ya upili mjini Takaba. Mwanafunzi darasani husikia neno, huliandika, na programu humweleza kama tahajia ni sahihi. Mwandishi wake hakuona haja ya kutunga upya kikagua tahajia ilhali Hunspell ipo, inapatikana bila malipo, na imezoeleka.

Msimbo chanzo, yaani maandishi anayoyasoma na kuyahariri binadamu, hufasiriwa na kompaila kuwa lugha ya mashine. Kisha kiungaji huziunganisha sehemu hizo na maktaba. (Wataalamu wengine wangependa kusema "kiunganishi", ila jina hilo lina mwenyewe katika sarufi na ni vyema liachwe huko.) Hapa ndipo njia mbili zinapotengana. Katika njia ya kwanza, kiungaji hunakili kazi zinazohitajika kutoka katika maktaba na kuzipachika ndani ya programu, hivi kwamba programu hubeba kila kitu tumboni mwake. Katika njia ya pili, ambayo ndiyo ya maktaba shirikishi, kiungaji hakinakili chochote. Huandika tu jina la maktaba katika faili ya programu, mathali libhunspell-1.7.so.0, kama mtu anayeandika pembeni mwa daftari kwamba ufafanuzi uko katika kitabu fulani. Kazi ya kukitafuta kitabu chenyewe huachiwa kipakiaji, ambacho huamka kila mara programu inapofunguliwa, kikazipekua njia zinazojulikana za kompyuta hiyo, kama vile /usr/lib, hadi kilipate jina hilo.

Jina ni jina kamili. Katika mfumo wa Ubuntu 18.04, wa mwaka 2018, Hunspell iliyokuwamo ilikuwa ya toleo la 1.6, na jina lake lilikuwa libhunspell-1.6.so.0. Katika Ubuntu 20.04, wa mwaka 2020, toleo ni 1.7 na jina likabadilika kulifuata. Ikiwa programu ya imla ilijengwa katika kompyuta ya kwanza na kupelekwa Takaba kwa flashi, kisha ikawekwa katika kompyuta ya pili, kipakiaji kitatafuta libhunspell-1.6.so.0, kisikione, na kutoa ujumbe kwamba faili ya maktaba shirikishi haikuweza kufunguliwa kwa kuwa haipo. Mwalimu aliyeketi mbele ya mashine ataona Hunspell imo, na kikagua tahajia cha LibreOffice kinafanya kazi, lakini programu ya imla imekataa. Hatakuwa na njia ya kujua kuwa ugomvi ni juu ya tarakimu moja. Amri ya ldd, ikipewa jina la programu, huorodhesha kila tegemeo na mahali lilipopatikana, na lile lililokosekana hulitaja waziwazi. Fundi yeyote anayesafiri na programu anapaswa kuifahamu amri hiyo kabla ya nyingine zote.

Mfumo wa kujengea programu upo ili mambo hayo yasiachwe kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja. Make, iliyoandikwa na Stuart Feldman katika maabara ya Bell mwaka 1976, ilirekodi tu kipi kijengwe kabla ya kipi. Haikujua lolote kuhusu mahali maktaba za nje zilipo. Baadaye zilikuja zana zilizolibeba swali hilo, miongoni mwazo pkg-config, ambayo husoma faili fupi inayoambatana na maktaba na kueleza toleo lake na njia yake, pamoja na CMake iliyoanza mwaka 2000. Katika programu ya imla, maelezo yote yanayohusu Hunspell yanaweza kutoshea katika mistari mitatu:

find_package(PkgConfig REQUIRED)
pkg_check_modules(HUNSPELL REQUIRED IMPORTED_TARGET hunspell>=1.7)
target_link_libraries(imla PkgConfig::HUNSPELL)

Mstari wa pili ndio wenye uzito. Unasema kwamba Hunspell ni ya lazima, na kwamba toleo lisiwe chini ya 1.7. Sharti hilo likikosekana, ujenzi husimama hapohapo mbele ya mjenzi, jijini, penye watu wa kuulizwa. Mjenzi asiyetaja sharti huahirisha kosa tu, na kosa lililoahirishwa huenda kuzuka Takaba mbele ya darasa.

Kuna dawa ya haraka ambayo wengi huikimbilia, nayo ni kuipa kompyuta njia ya ziada ya kutafutia maktaba kwa kutumia LD_LIBRARY_PATH. Inafaa kwa majaribio. Ikiachwa kuwa ya kudumu, huzielekeza programu nyingine zote za mtumiaji huyo kwenye maktaba ambazo hazikukusudiwa, na makosa yanayofuata huwa magumu kueleweka.

4.0 Kwa nini toleo la maktaba ni suala la Kiswahili

Msomaji anaweza kudhani kwamba tarakimu za matoleo ni mambo ya mafundi wa mitambo. Historia ya Hunspell inaonyesha vingine. Mtangulizi wake, MySpell, ndiye aliyekuwa akitumiwa na OpenOffice.org katika miaka ya mwanzo ya 2000. MySpell aliweza kuondoa kiambishi awali kimoja na kiambishi tamati kimoja kutoka katika neno, basi. Kwa Kiingereza hilo lilitosha. László Németh wa Hungary, ambaye lugha yake hupanga viambishi tamati kwa safu, aliona kwamba halitoshi, akatunga Hunspell, na kuanzia OpenOffice.org 2.0.2 ya mwaka 2006 Hunspell ikachukua nafasi ya MySpell. Hunspell huweza kuondoa viambishi tamati kwa ngazi mbili, na pia ina agizo la COMPLEXPREFIXES linaloigeuza kazi hiyo ili ngazi mbili ziwe upande wa viambishi awali.

Mwanafunzi wa mofolojia atatambua mara moja kwamba hata ngazi mbili ni haba. Katika kitenzi "hawatawapikia" kuna ha-, -wa-, -ta- na -wa- kabla ya mzizi -pik-, kisha kauli ya kutendea na kiishio baada yake. Mtunzi wa kanuni za Kiswahili hana budi kuvifunga viambishi kadhaa pamoja na kuvitangaza kama kimoja, mathali "hawatawa-", na kurudia hivyo kwa kila nafsi, kila wakati na kila ngeli. Ni kazi ya kuchosha na faili huwa ndefu. Ila linaloonekana hapa ni kwamba kamusi iliyoandikwa kwa kutegemea uwezo wa Hunspell haitafanya kazi sawasawa ikisomwa na maktaba kongwe isiyo na uwezo huo. Toleo la maktaba huamua ni maneno gani ya Kiswahili yatapigiwa mstari mwekundu.

Kamusi ya Hunspell ina faili mbili. Moja, yenye tamati ya .dic, huorodhesha maneno, na nyingine, yenye tamati ya .aff, hubeba kanuni za viambishi. Ya Kiswahili huitwa sw_TZ. Ndani ya faili ya kanuni kuna nafasi ya jedwali liitwalo REP, ambalo humwezesha mtunzi kutaja makosa ya kawaida ya waandishi ili kikagua tahajia kipendekeze neno linalofaa. Hapa ndipo Takaba inapokuwa na jambo lake mahususi. Kisomali hakina fonimu /p/, /v/ wala /z/. Mwanafunzi ambaye Kisomali ndiyo lugha yake ya kwanza, na aliyekipata Kiswahili darasani, anaweza kuandika "bika" akikusudia pika, "fitabu" akikusudia vitabu, na "sawadi" akikusudia zawadi. Hayo hayatokani na uzembe. Ni athari ya lugha ya kwanza inayofuata kanuni, na kinachofuata kanuni kinaweza kuandikwa kama kanuni:

REP 3
REP b p
REP f v
REP s z

Kwa mistari hiyo, programu ya imla ikikutana na "fitabu" itajaribu kuigeuza f kuwa v na kupata neno lililomo katika kamusi. Faida ina mpaka wake. Mwanafunzi akiandika "bata" badala ya pata, mashine itanyamaza, kwani bata ni neno halali na ni ndege anayefahamika. Hilo litabaki kuwa kazi ya mwalimu. Hata hivyo, mistari michache iliyoandikwa na mtu anayewajua wanafunzi wa Takaba ina thamani kuliko mapendekezo ya jumla yaliyotungwa mbali.

Swali linalofuata ni wapi mistari hiyo iandikwe. Katika Debian, kamusi husambazwa katika kifurushi cha hunspell-sw na kuwekwa katika /usr/share/hunspell. LibreOffice iliyojengwa na Debian husoma kamusi kutoka hapo, na programu ya imla inaweza kuelekezwa hapohapo. Mwalimu akihariri faili moja, programu hizo zote hunufaika. Kivinjari cha Chromium, kwa kulinganisha, hutumia kamusi za umbo lake lenyewe, kwa hiyo mabadiliko ya mwalimu hayakifikii. Na kama programu ya imla ingekuja Takaba na nakala yake ya kamusi iliyofichwa ndani yake, nayo isingefikiwa. Hivyo uamuzi ambao mjenzi aliufanya Nairobi, pengine bila kuufikiria sana, ndio unaoamua kama mwalimu wa Takaba ataweza kuirekebisha zana yake au la.

5.0 Kutaja au kubeba

Mnamo Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilizindua Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org yenye menyu na maelezo ya Kiswahili. Yaliyoshangiliwa wakati huo yalikuwa istilahi, na ndivyo ilivyostahili. Lakini chini ya istilahi hizo kulikuwa na msimbo uliobeba maktaba nyingi za watu wengine, na tabia hiyo ilirithiwa na LibreOffice ilipojitenga mwaka 2010.

Katika msimbo chanzo wa LibreOffice kuna saraka iitwayo external, ambamo kila maktaba ya nje ina chumba chake, Hunspell ikiwemo. Faili iitwayo download.lst hutaja kila kifurushi cha maktaba hizo pamoja na tarakimu za uthibitisho, ili nakala iliyopakuliwa iweze kulinganishwa na ile iliyokusudiwa. Mjenzi ana hiari. Akitumia --with-system-hunspell, ujenzi hutafuta Hunspell iliyomo katika mfumo. Asipotumia, LibreOffice hujenga nakala yake yenyewe. Agizo la --with-system-libs hupanua uamuzi huo kwa maktaba nyingi kwa pamoja. Wajenzi wa Debian huchagua kutaja, kwa kuwa mfumo wao unasimamia maktaba hizo. Matoleo yanayopakuliwa moja kwa moja kutoka kwa mradi wa LibreOffice hubeba, kwa kuwa hayajui yatatua katika mfumo gani, na katika Windows hakuna hazina ya pamoja ya maktaba za namna hiyo ya kutegemewa.

Kubeba kuna raha yake: programu hufika ikiwa kamili. Lakini kuna gharama inayodaiwa baadaye. Machi 2002 ilitangazwa kasoro katika zlib, maktaba ya kubana data iliyoandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler, ambapo sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ingeweza kuachiliwa mara mbili na kumpa mshambulizi upenyo. Programu zilizotumia zlib shirikishi zilitibiwa kwa kubadilisha faili moja. Zile zilizobeba nakala zake ilibidi zitafutwe moja baada ya nyingine na kujengwa upya, na kazi ngumu zaidi ilikuwa kuzitambua, kwa sababu nakala iliyomezwa haina jina kwa nje. Sera ya Debian huwaelekeza wajenzi wa vifurushi waepuke nakala za aina hiyo.

Haifai, hata hivyo, kuichukulia maktaba shirikishi kuwa salama kwa asili yake. Mnamo tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akichunguza kwa nini kuingia katika seva kupitia SSH kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz yalikuwa na mlango wa siri. Programu ya OpenSSH yenyewe haitegemei maktaba ya xz. Baadhi ya wasambazaji waliiunganisha na maktaba ya systemd, na hiyo ndiyo iliyoiegemea xz. Tegemeo la tegemeo ndilo lililoingiza sumu. Zaidi ya hayo, sehemu ya hila hiyo ilifichwa katika maagizo ya kujengea yaliyokuwamo ndani ya kifurushi kilichosambazwa, wala haikuonekana katika hifadhi ya msimbo ambayo watu waliikagua. Kisima cha pamoja kikitiwa sumu hunywesha kijiji kizima, japo pia husafishwa mara moja. Mashine zilizokuwa zimepata matoleo hayo zilitibiwa kwa kurejeshwa kwenye toleo la nyuma la kifurushi kimoja.

Kwa programu ya imla, uzani unaangukia upande wa kutaja. Kifurushi cha maktaba ya Hunspell hakifiki megabaiti 1, ilhali kupakua upya LibreOffice nzima kwa ajili ya kasoro ya tegemeo lake moja ni zaidi ya megabaiti 150. Anayelipia data kwa kifurushi cha simu ataielewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Kubeba kunakubalika pale ambapo maktaba haipatikani kabisa katika mfumo wa Takaba. Hapo mjenzi aiweke katika saraka ya lib iliyo kando ya programu na kuielekeza programu huko kwa rpath yenye $ORIGIN, yaani "tafuta karibu na nilipo", ili faili ya maktaba ibaki ikionekana kwa jina lake na iweze kubadilishwa bila kujenga upya. Maktaba ya msingi ya C isibebwe kamwe kwa njia hiyo. Kwayo dawa ni kujengea katika mfumo mkongwe zaidi kati ya ile itakayotumika, kwa sababu programu iliyojengwa kwa glibc mpya huenda ikadai vitu ambavyo glibc kongwe haina, na kinyume chake si tatizo kwa kawaida. Inafuata kwamba mjenzi aulize kwanza mashine ya Takaba ina mfumo gani. Swali hilo la simu moja huokoa safari.

6.0 Safari ya vifurushi

Jambo linalokwaza zaidi katika mifumo ya siku hizi ya ujenzi ni tabia ya kupakua mategemeo katikati ya ujenzi bila kumwambia mtu. Mjenzi huamini amekabidhi programu kamili, kumbe amekabidhi ahadi ya kwenda intaneti. LibreOffice, licha ya ukubwa wake, ina mpango mzuri hapa. Amri ya make fetch hupakua vifurushi vyote vya nje kwanza, kando na ujenzi, na agizo la --with-external-tar huuelekeza ujenzi kwenye saraka ambamo vimewekwa. Saraka hiyo inaweza kunakiliwa katika flashi na kusafiri. Mradi mdogo kama wa imla unaweza kuiga mpango huo kwa kuwa na orodha moja ya majina, matoleo na tarakimu za uthibitisho, pamoja na marufuku ya kupakua chochote wakati wa kujenga. Njia rahisi ya kuuhakiki ni kuchomoa intaneti kisha kujenga tangu mwanzo.

Upande wa shule, mashine ya Debian au Ubuntu isiyo na intaneti inaweza kuhudumiwa kwa programu iitwayo apt-offline, ambayo hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwa amri ya set, mashine ya shule huandika katika faili ndogo kila inachokihitaji. Faili hiyo husafirishwa kwa flashi hadi kwenye kompyuta yenye intaneti, iwe Mandera, Moyale au Nairobi, ambako amri ya get hupakua vilivyotajwa. Furushi lililopatikana hurudishwa shuleni na amri ya install huliingiza. Mategemeo ya mategemeo hayasahauliki, kwa kuwa aliyeandika orodha ni mashine yenyewe.

Mara nyingi safari huwa mbili. Mashine iliyokaa muda mrefu bila intaneti ina orodha kongwe ya vifurushi, na ikiulizwa inachotaka itataja matoleo ambayo huenda yameshaondolewa katika hazina. Kwa hiyo safari ya kwanza huleta orodha mpya, na ya pili huleta vifurushi vyenyewe. Anayetoka Takaba kwa shughuli nyingine, kama vile mkutano wa walimu au likizo, aweza kubeba faili hiyo mfukoni, na furushi likarudi na gari la wiki ijayo.

Hunspell-sw ikishaingizwa, ldd ikaonyesha kwamba programu ya imla imepata kila tegemeo, mwalimu hufungua sw_TZ.aff na kutazama kwanza kama jedwali la REP limo tayari. Likiwamo, huongeza mistari yake na kurekebisha hesabu iliyo juu ya jedwali, la sivyo idadi na yaliyomo hayatalingana. Faili zilizo chini ya /usr/share ni za kifurushi. Siku hunspell-sw itakapoletwa kwa toleo jipya, mistari ya b na p, f na v, s na z itafutwa bila taarifa. Nakala yake inafaa ikae katika daftari la mwalimu, ukurasa mmoja na orodha ya makosa ya wanafunzi alikoitoa.